Kutembea Ufuoni Peke Yako Msimu wa Kusi: Tope la Lamu au Tope la Malindi?

Jozi moja ya champali zangu imezama kwenye tope la mikoko huko Matondoni, Lamu. Upande mmoja wa jozi nyingine ulichukuliwa na maji karibu na mlango wa mto Sabaki, Malindi, nikarudi mjini nikichechemea kama kuku aliyefungwa mguu. Nataja hasara hizi mapema ili ujue kwamba ninayoyasema hapa nimeyalipia.

Kila ikifika Mei au Juni huulizwa swali lile lile, hasa na wanawake wenzangu wanaotaka kusafiri bila mume, bila rafiki na bila msafara wa harusi: niende Lamu au Malindi nikatembee ufuoni? Wanaipenda miezi hii kwa sababu vyumba hushuka bei na fukwe ni tupu. Ni kweli ni tupu, lakini wageni hawakuondoka bure. Masika humimina na Mei ndio kilele chake, Lamu na Malindi sawia. Mahoteli kadhaa ya Shela, kijiji kilicho kisiwani Lamu, na ya Malindi hufunga milango kabisa yakingoja Julai. Kisha huja kipupwe, Juni mpaka Agosti: manyunyu ya ghafla, bahari imechafuka, upepo wa kusi havumi akachoka. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 22 hivi. Mtu wa Nyandarua atacheka akisikia hiyo inaitwa baridi, lakini alowe mpaka kiunoni kisha asimame mbele ya upepo wa Shela saa kumi na moja jioni, ndipo tuzungumze.

Kwa hiyo tope utalikuta kokote uendako. Tofauti iko kwenye asili yake. Tope la Lamu ni la mwezi, tope la Malindi ni la mto. Kwa mtu anayetembea peke yake, nadhani tofauti hiyo ndiyo ya kuanzia, kabla ya bei ya chumba na kabla ya uzuri wa picha.

Lamu: hesabu mwezi kwanza

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na kati ya kujaa na kupwa kunaweza kuwa na zaidi ya mita tatu. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba katika pwani yetu bamvua ina saa zake. Maji hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, hujaa kama saa kumi alasiri. Kwenye maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne yamejaa, alasiri yamepwa. Wavuvi hawahitaji simu kujua hilo. Ukijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu, unajua njia ya Shela ikoje kabla hujatia mguu nje.

Njia yenyewe ni fupi. Unatoka Mkunguni, mbele ya ile ngome iliyomalizika 1821, unashika kusini kupitia Langoni, unafuata maji mpaka Shela. Ni kilomita tatu hivi, dakika 40 au 45 ukienda kwa mwendo wa mtu asiyefukuzwa. Maji yakiwa yamepwa unatembea kwenye mchanga mgumu wenye madoa ya tope, mashua zimelala ubavu, kaa wanakimbilia mashimo. Yakiwa yamejaa, sehemu ya njia haipo. Hapo una mambo matatu ya kuchagua: kupita njia ya ndani, kupanda mashua, au kulowa mpaka mapajani huku wimbi likikugonga ukutani.

Mimi mara ya kwanza nilitoka saa tisa na nusu, siku ya bamvua, nikijiona mwerevu kwa kuwa jua limepoa. Mzee mmoja aliyekuwa akiongoza punda watatu wenye mifuko ya mchanga alinisimamisha.

“Wenda wapi, mwanangu? Maji yaja.”

“Shela, mzee wangu. Nitawahi.”

“Utawahi kurudi,” akasema, akawapigia punda wake ulimi, akaenda zake. Nilirudi baada ya robo saa, buibui limenata miguuni kama ngozi.

Ukishafika Shela, tope linakwisha. Hili linawashangaza watu: mvua ya usiku kucha, na asubuhi mchanga ni mkavu juu. Vilima vile vya mchanga humeza mvua na kuihifadhi chini, na maji hayo ndiyo yanayolisha visima vya mji wa Lamu. Ndiyo maana habari ya kujenga juu ya vilima vya Shela huwapandisha watu sauti barazani. Kuna pia masimulizi kwamba upepo ukifukua mchanga mifupa ya vita vya Shela huonekana, vile vya mnamo 1812 ambapo Wapate na Wamazrui wa Mombasa walikuja kuitiisha Lamu wakapigwa. Sisi wa Mombasa kisa hicho hatukisimulii sana.

Kuanzia hapo ufuo unakwenda kilomita 12 hivi kuelekea Kipungani. Ni mzuri kupita kiasi, na ndipo ninapokuwa mkali kwa mtu aliye peke yake. Upande huo hauna mwamba wa kuzuia mawimbi, bahari kuu inapiga moja kwa moja, na wakati wa kusi hata mtu anayejua kuogelea asiingie. Ukishapita nyumba za mwisho hakuna mtu, hakuna kibanda, hakuna njia ya kutokea. Mimi nina kipimo changu: nageuka nyuma kila baada ya muda kutazama mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela, ule wa 1829. Mnara ukianza kupotea nyuma ya vilima, nami nimefika.

Tope halisi la Lamu liko upande wa pili wa kisiwa, Matondoni, kunakoundwa majahazi. Kutoka mjini ni mwendo wa saa mbili hivi kupita mashambani, na masika njia hushika maji. Ukikaribia pwani unakutana na mikoko: mkoko wenyewe uliosimama juu ya mizizi kama buibui, mkandaa, mchu wenye mizizi ya kupumulia iliyochomoza kama misumari. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo tope lake si la mchezo. Ni jeusi na linanuka yai viza, kwa sababu chini hamna hewa na vijidudu vinavyoozesha majani hutoa gesi ya salfa. Harufu haina madhara, inakwisha kwa sabuni mbili. Lenye madhara ni chaza walioshika mizizi, wanakata kama wembe, na wewe mguu wako huuoni.

Pale ndipo nilipozama mpaka magotini. Nilivyozidi kuvuta mguu ndivyo tope lilivyozidi kunishika. Kijana wa miaka kumi hivi, aliyekuwa akiokota kombe, alinitazama kwa muda kama anayesubiri nijifunze mwenyewe, kisha akasema: “Mama, usivute. Zungusha kisigino kwanza, kiingie hewa.” Nikazungusha. Mguu ukatoka, champali ikabaki. Matondoni msiende peke yenu, nasema kwa wingi ili wote msikie. Chukua mtu wa hapo hapo, hata kijana wa shule wakati wa likizo, na mkubaliane ujira kabla ya kuondoka.

Lipo tope jingine ambalo halitajwi na mtu: la vichochoroni. Mji wa kale una mitaro ya wazi inayoteremka baharini, na punda ni wengi. Mvua kubwa ikinyesha, ngoja nusu saa barazani yapite yanayopita.

Malindi: sikiliza habari za bara

Malindi mwezi unakusaidia nusu tu. Kupwa na kujaa kupo, saa zake ni zile zile, lakini tope linaletwa na Sabaki, na Sabaki haufuati kalenda ya mtu. Mto huu huanza kama Athi kwenye nyanda za juu, hupokea mito ya Nairobi, hupita Ukambani, ukivuka Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari ndipo unapoitwa Sabaki. Unachokikanyaga Malindi ni shamba la mtu wa Machakos. Mvua ikinyesha huko juu, siku chache baadaye maji ya hapa yanakuwa rangi ya chai ya maziwa hata kama Malindi yenyewe jua linawaka. Pamoja na udongo huja magogo, matete na plastiki. Mzigo huo umekuwa ukijaza ghuba ya Malindi miaka mingi, kiasi kwamba majengo yaliyojengwa kando ya maji sasa yanatazama uwanja mpana wa mchanga na vichaka. Huja pia ulanga, vile vipande vinavyometameta, ndiyo maana mchanga wa upande wa Mambrui hung’aa kama uliopakwa dhahabu.

Kuna jambo moja lililonigeuza mawazo kuhusu Malindi. Watu hudhani msimu mchafu zaidi ni masika. Wakati wa kusi mkondo wa bahari huenda kaskazini, kwa hiyo tope la mto hupelekwa zaidi Mambrui na kwenye ghuba ya Ungwana. Ukija upepo wa kaskazi, mkondo unageuka, na tope la mafuriko ya vuli hushuka kusini mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Maana yake ni kwamba mgeni wa Desemba, aliyelipa bei kamili, anaweza kukuta maji ya hudhurungi, na wewe wa Julai ukakuta kijani safi upande wa kusini wa mji. Utakachokuta badala ya tope ni majani ya bahari. Kusi huyang’oa na kuyarundika ufuoni marundo kwa marundo, yananuka, na ukiyakanyaga yanabonyea kama godoro kuukuu. Pita pembeni, humo ndani hujificha chupa zilizovunjika.

Njia ya kusini ndiyo ninayompa mtu wa mara ya kwanza. Anzia mji wa kale, kwenye makaburi ya mnara karibu na msikiti wa Jamii, pita kanisa dogo la Wareno, fika mnara wa Vasco da Gama uliosimama kwenye rasi. Mreno huyo alitia nanga hapa Aprili 1498, na sultani wa Malindi akampa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi, jambo ambalo Mombasa na Malindi tumenuniana kwalo muda mrefu. Kuzunguka rasi kuna mawe ya matumbawe, na yakilowa yanateleza kama sabuni, kwa hiyo hapo panda juu upite barabarani. Baada ya hapo ni Silversands, kisha Casuarina, mpaka lango la hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968. Jumla ni asubuhi moja bila haraka. Uzuri wake mkubwa kwa mtu wa peke yake ni huu: popote ukichoka, ukilowa, au mtu akikuandama, unapanda vichochoro vya kati ya majengo na dakika chache uko barabarani ukisimamisha tuktuk. Lamu hakuna kitu cha namna hiyo.

Njia ya kaskazini, kufuata ghuba mpaka mlango wa Sabaki, ni nyingine kabisa. Ina upana unaotisha, mbingu yote, heroe wakati mwingine, na ndege wa kando ya maji ambao wengi wao huhamia kwetu kutoka kaskazini ya dunia kati ya Agosti na Aprili, kwa hiyo Juni huwakuti kwa wingi. Ina pia viboko na mamba. Viboko hutoka majini jua likitua kwenda kula nyasi, na hawampishi mtu. Tope la mlangoni ni laini kuliko la mikoko, halina mizizi ya kushika, na juu hujifanya mchanga. Nilikanyaga mahali palipoonekana pagumu kama sakafu, nikaenda chini mpaka gotini, na maji ya pembeni yakabeba champali kabla sijageuka. Nenda na mwongozaji kutoka kijiji cha Sabaki. Huko mimi sirudi peke yangu, na simshauri mtu.

Upepo

Kusi hutoka kusini. Hili ni dogo kwenye ramani na kubwa miguuni. Ukitoka Lamu kwenda Shela unakwenda na upepo usoni, ungali na nguvu, na unarudi ukisukumwa mgongoni. Njia ya kusini ya Malindi ni hivyo hivyo. Ya kwenda Sabaki ni kinyume: kwenda unaruka kama tiara, unajiona hodari, unapitiliza, kurudi ndipo unapokula mchanga wa macho kilomita zote zile ukiwa umeshachoka. Jua linatua kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na giza la kwetu halibishi hodi.

Kuwa peke yako

Lamu huwezi kuwa peke yako, hata ukitaka. Kabla ya kufika Langoni umeshaulizwa umetoka wapi, umekuja na nani, mume yuko wapi, na umekula nini. Mara ya kwanza nilikereka. Siku ile ya kulowa, niliporudi, mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai alisema, “Uliambiwa lakini,” kumbe habari ya mzee wa punda ilishafika kabla yangu. Akanipa kiti na kikombe cha chai ya tangawizi. Tangu hapo sitoki Lamu bila kusema ninakokwenda, na nisiporudi kwa wakati najua kuna mtu atakayeuliza.

Malindi ni mji mkubwa, umezoea wageni, hasa Waitaliano, na msimu huu wakiwa wameondoka, vijana wa ufuoni hawana kazi. Utafuatwa. Mimi nikiwa na buibui husalimiwa na kuachwa. Rafiki yangu aliyevaa suruali aliitwa “ciao” mpaka Silversands. Hawana ubaya wengi wao. Itikia salamu kwa Kiswahili cha pwani, usisimame, usikubali ganda la kombe la zawadi. Upande mzuri ni kwamba ukitaka kukaa juu ya mwamba saa mbili bila mtu kukujua, Malindi itakuacha. Kuna safari nyingine mtu anazihitaji hivyo.

Kwa hiyo, kama hujawahi kusafiri peke yako, nasema Lamu, njia ya Shela, maji yakiwa yamepwa. Kama umezoea, au una wasiwasi wa kiafya na unataka gari karibu wakati wote, nasema Malindi, njia ya kusini. Mwenye kutaka mikoko lakini si kuzama anaweza kushuka mpaka kijito cha Mida, karibu na Watamu, ambako kuna daraja la mbao juu ya tope.

Viatu na nguo, kwa ufupi

Champali usilete, umeshasikia. Gambuti pia hapana: likijaa tope huwezi kulitoa. Viatu vya akala vyenye mkanda wa kisigino vinafaa, au raba kuukuu za kufunga kamba ambazo hutaziona huruma. Leso mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujifutia. Simu ndani ya mfuko wa plastiki. Nguo zilizolowa zianike juu ya dari ya nyumba, kusi atazikausha kabla ya Adhuhuri. Ukizitundika chumbani zitanuka mpaka Mombasa.

Kama una siku sita

Basi unaweza kufanya yote mawili, kwa mpangilio huu. Fika Malindi mwezi ukiwa siku ya kumi au kumi na moja. Mwezi ukifika siku ya kumi na mbili, maji hupwa mapema, baina ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu asubuhi, vijana wa ufuoni bado wamelala na njia ya kusini ni yako. Kesho yake panda basi la asubuhi kwenda Mokowe, kilomita 220 hivi, sasa ni lami, kuna vizuizi vya polisi kwa hiyo kitambulisho kiwe mkononi. Kabla ya kulipa nauli uliza kuhusu mto Tana. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalikata barabara hiyo karibu na Gamba, na siku zile zile daraja la Mbogolo upande wa Kilifi likafunikwa, wasafiri wakakwama pande zote. Mokowe unapanda boti, jioni uko Lamu, umekula, umelala. Asubuhi ya kumi na nne maji yatakuwa yanapwa kama saa tatu au saa nne, na kwa siku tatu nne mfululizo njia ya Shela itakuwa wazi asubuhi nzima. Mzee wa punda hupita Langoni kama saa mbili.